Imamu Aliyerudi Safu ya Mwisho

Mimi si mtu wa subira. Mama yangu alizoea kusema kwamba nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu hapo sijawahi kungoja kitu bila kunung'unika. Ajabu ni kwamba kazi niliyokuja kuifanya ni kuangalia kompyuta zikingojana.

Ilikuwa wakati ule Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu na Kagunga ikafurika. Kagunga ni kijiji cha wavuvi, mlima mgongoni, ziwa usoni, na siku zile ukitaka kutoka ulitoka kwa maji. Meli ilitia nanga mbali kidogo na ufuo, mitumbwi ikawapeleka watu hadi kwenye meli, meli ikawaleta Kigoma mjini. Hapo walipumzika kwenye uwanja wa mpira, wakapewa uji na dawa, kisha mabasi yakawapeleka kambini, huko Kasulu.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika mojawapo kati ya mengi yaliyotua Kigoma mwaka ule. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Buzebazeba, na mtambo wenyewe ulikaa jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na soketi nzima. Wageni kutoka Dar es Salaam waliuliza chumba cha mitambo kiko wapi. Niliwaonyesha sinki.

Tulikuwa na mashine tano: moja Kagunga ufukweni, moja gatini Kigoma, moja uwanjani, moja jikoni kwetu, na moja kambini. Zote zilishika jambo moja, nalo ni zamu za watu kupanda meli. Sasa fikiria kila moja ingekuwa na ruhusa ya kupanga zamu itakavyo. Nafasi moja kwenye mtumbwi angepewa mtu Kagunga, na nafasi hiyohiyo angepewa mwingine na mashine ya gatini, halafu wawili hao wakutane mguu mmoja majini, kila mmoja na watoto wake. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa hiyo mashine moja lazima iwe kiongozi. Nyingine zinampelekea maombi, yeye anaamua, na wote wanashika alichoamua. Kazi yake nyingine ni kuwaambia wenzake kila baada ya muda mfupi: nipo, nipo, nipo. Akinyamaza, wanamngoja kidogo, kisha wanachagua mwingine. Uchaguzi wao hauna kampeni, hauna kofia wala kanga za bure, na unakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Swali lilikuwa nani achaguliwe. Tulikaa kikao, na tukakubaliana upesi mno, jambo ambalo lingepaswa kututia wasiwasi, maana katika ofisi ile hata chai ya saa nne ilileta mabishano. Tulisema mkubwa ni mwenye umri. Mashine kongwe ikapewa namba kubwa, na nyingine zikafuatana kwa umri. Mwenye namba kubwa aliye macho ndiye anayeongoza. Akizimika, anayemfuata anashika. Mkubwa akirudi, mdogo anampisha papo hapo.

Nani angepinga? Sisi sote tulilelewa hivyo. Umekaa kwenye kiti, mzee anaingia, unanyanyuka. Hujiulizi ulikuwa unafanya nini hapo. Mkuu wetu wa ofisi, mama wa Kiha kutoka Kasulu, mwenye sauti ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya bonde, alisema, "Hata mashine zitajifunza adabu," tukacheka, tukanywa soda.

Mashine kongwe ndiyo iliyopelekwa Kagunga, kwa kuwa hakuna aliyetaka mpya ivushwe kwa boti. Tukaiita Mzee. Mzee aliishi kwa umeme wa jua na betri moja, na kwenye betri hiyo kila mwenye simu pale ufukweni alikuwa na waya wake. Mzee akawa anasinzia. Alisinzia asubuhi, akasinzia mchana, na kila alipozinduka wenzake wote walinyanyuka kumpisha kiti, naye akatangaza zamu kama alivyozikumbuka kabla hajasinzia. Yaliyopita akiwa amelala hakuyauliza. Wadogo zake, kwa adabu zao njema, wakafuta walichokuwa wamekipanga na kushika cha mkubwa.

Hapo ndipo babu wa uwanjani anapoingia.

Babu huyu alikuwa Mrundi mrefu mwembamba, mkulima. Alikuja akiwa na homa kali; vijana walimbeba begani kutoka Kagunga wakampakia kwenye mtumbwi wa wagonjwa, na mke wake akabaki ufukweni na mzigo wao. Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye mgonjwa aliyetangulia anapewa zamu ya mbele, apande meli inayofuata. Tukalifanya hilo siku ileile. Nilimwona bibi kwenye zamu za mbele kwa macho yangu. Kisha Mzee akasinzia, akaamka, na bibi akarudi nyuma ya watu wote, mahali alipokuwa kabla mumewe hajaugua. Meli ikaja bila yeye. Tukampandisha tena mbele, Mzee akaamka tena, na meli nyingine ikaja bila yeye.

Babu alikuwa amepata nafuu ya homa, lakini alikataa mambo mawili: kupanda basi la Kasulu na kula. Maji alikunywa. Uji aliukubali kwa mikono miwili, akashukuru, akampa jirani.

"Nitakula akija," alisema.

Muuguzi wa pale uwanjani alinivuta pembeni. Aliniambia mwili uliotoka kwenye homa ile hauna akiba, na kwamba babu akiendelea hivyo, mkewe atamkuta shimoni. Aliniambia mimi kwa sababu alikuwa amesikia kwamba shida iko kwenye kompyuta. Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini alikuwa anasema kweli.

Kila asubuhi nilipita uwanjani kuitazama mashine ya pale, na njia ya kuifikia ilipita mbele ya mkeka wa babu. Ningeweza kuzunguka nyuma ya goli, lakini aibu ilinizuia.

"Shikamoo, babu."

"Amahoro, mwana wanje," alijibu kwa Kirundi chake, kisha kwa Kiswahili: "Mkuu wenu anasemaje leo?"

Nilikuwa nimemweleza habari za mashine na mkuu wao, nikidhani namtuliza. Alisikiliza yote, akaniuliza, "Huyo mkuu yuko wapi?"

"Kagunga, babu."

"Na analala?"

"Analala. Betri yake mbovu."

"Akiamka?"

"Akiamka anatawala."

"Bila kuuliza yaliyotokea?"

"Bila kuuliza."

Babu alicheka kicheko kikavu. "Wa namna hiyo nawajua," alisema. "Ndiyo maana niko hapa."

Nilijaribu njia za mkato zote. Niliongea kwa redio na mwenzetu wa Kagunga, kijana wa Simbo asiyekuwa na mzaha hata kidogo, nikamwomba amtafute bibi ampandishe tu. Alinikatalia. Mwanzoni watu walipanda kwa kujuana na kwa kusukumana, mtumbwi mmoja nusura upinduke, na kilichotuliza ufuo ule ni neno moja: hakuna apandaye nje ya zamu.

"Nikimpandisha mmoja nje ya zamu," alisema, "kesho sina pa kusimama hapa. Wewe tengeneza mashine yako."

Basi nikamnyang'anya Mzee namba kubwa, nikaipa mashine ya gatini. Nilijiona nimemaliza kazi. Siku hiyohiyo jenereta la gatini likaishiwa mafuta, mashine ikazimika, ikawashwa, ikaamka na zamu za jana, ikatawala. Wazimu uleule, ila umehamia mjini. Nilipiga teke ndoo ya jikoni na nikaumia kidole. Mkuu wetu akanitazama akisema, "Mwanangu, ndoo haina kosa."

Ijulikane kwamba mimi ni mtu wa Ujiji. Mchana ule nilitoka ofisini nikichechemea, nikaenda kusali adhuhuri msikiti wa mtaani kwetu, na kwa kuwa nilichelewa nikapata nafasi safu ya mwisho. Rakaa ya pili haijaisha, imamu wetu, mzee wa watu anayeheshimiwa kuanzia sokoni hadi ziwani, akashika pua, akageuka, akapita kati yetu kimya akielekea bombani. Imamu akishika pua na kutoka, udhu umemtoka. Umemtokaje, hakuna mtu mzima anayeuliza. Ndiyo maana ya kushika pua.

Hakuna aliyeshtuka. Aliyekuwa nyuma yake, muuza samaki wa migebuka ambaye dakika chache kabla alikuwa akibishana bei, alipiga hatua moja mbele na swala ikaendelea kutoka pale ilipofika. Hatukuanza upya. Punde imamu akarudi, mikono inadondosha maji. Mimi nikiwa pale nyuma nikamwona kwa pembe ya jicho. Yule ni mkubwa wa msikiti, kwa umri, kwa elimu na kwa ndevu. Hakwenda mbele kumgusa bega muuza migebuka amwambie pisha. Alisimama safu ya mwisho, ubavuni kwangu, akamfuata. Tulipotoa salamu yeye hakutoa. Alinyanyuka peke yake kulipa rakaa zilizompita.

Mungu anisamehe, swala yangu ilikuwa imeshaharibika kitambo. Nilikuwa nimesimama na kuinama kwa kiwiliwili tu. Moyoni nilikuwa napiga kelele. Tangu utoto nilikuwa nimeyaona haya, na pale kwenye kikao, tukiwa na soda zetu, hakuna Mwislamu hata mmoja kati yetu aliyeyakumbuka. Tulikumbuka adabu ya kiti, tukasahau adabu ya safu.

Nilirudi Buzebazeba karibu ninakimbia, na kidole changu kinauma. Mkuu wetu alikuwa anakula. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa mikono, nikimwonyesha safu kwa vikombe vya chai juu ya meza: huyu imamu, huyu muuza migebuka, huyu mimi.

"Kwa hiyo mkubwa akirudi hapewi kiti?" aliuliza.

"Anapewa nafasi, mama. Ila safu ya nyuma. Kwanza anamfuata aliyepo, analipa yaliyompita. Ukubwa wake uko palepale. Siku nyingine ikitokea haja ya kuchagua, atachaguliwa."

"Na ziwa likichafuka, mawasiliano yakakatika, Mzee akabaki peke yake kule, akajiona yeye ndiye kiongozi?"

Mama yule hakuwa mtu wa kompyuta, lakini hakuwa mtu wa kupitiwa. Nikamwambia kwamba mashine haitashika uongozi mpaka tatu kati ya tano ziikubali, yenyewe ikiwemo. Anayesali peke yake anasali vizuri tu, lakini haitwi imamu.

Alitafuna, akafikiri. "Kwetu padri akizidiwa katikati ya misa," alisema, "tunatuma pikipiki kutafuta padri mwingine, watu wanangoja hadi jioni. Fanyeni hiyo ya kwenu."

Kuandika upya utaratibu ule kuliniweka jikoni hadi siku ya pili, na sitamchosha mtu kwa kueleza. Niseme tu kwamba kila uongozi mpya nilitaka uwe na namba yake inayopanda, na mashine inayoamka iulize kwanza: uongozi umefika namba ngapi? Ikikuta wenzake wameshapita namba yake, ikae chini. Hilo ndilo lililokosekana siku zote, swali moja la kuuliza yaliyotokea.

Mzee nikamrudishia namba yake kubwa, na mchana tukafanya majaribio. Ofisi nzima ilijaa jikoni, dereva, mpishi, mlinzi, wamesimama kama watu wanaotazama mpira. Mkuu wetu akaomba yeye ndiye amwambie kijana wa Kagunga kwenye redio azime mashine.

"Mzime Mzee!" alinguruma.

Mzee akanyamaza. Wenzake wakangoja kidogo. Kisha kwenye kioo ikatokea: gatini anaongoza. Watu wakapiga makofi.

"Mwamshe!"

Mzee akaamka. Tukasubiri aseme maneno yake ya siku zote. Akauliza. Akajibiwa kwamba gatini anaongoza. Akaanza kuchukua yaliyompita, moja baada ya jingine, kimya, kama mtu anayelipa rakaa zake. Zamu hazikusogea hata moja. Bibi, tuliyekuwa tumempandisha tena asubuhi ile, alikuwa pale mbele na akabaki pale mbele.

"Alhamdulillahi," alisema mkuu wetu, Mkristo wa kuzaliwa, na mpishi akamkumbatia mlinzi kwa makosa.

Meli iliyofuata ilipakia siku ya pili yake. Mzee alisinzia katikati ya upakiaji, kama kawaida yake, akazinduka, akakaa safu ya nyuma. Nilishika redio kwa mikono miwili. Kijana wa Kagunga aliita zamu moja moja, na mwisho akanitafuta.

"Bibi yako ameitwa mara ya kwanza hakuitika," alisema. "Mara ya pili vilevile. Jirani yake amemsukuma. Sasa yuko kwenye mtumbwi."

Nilikwenda uwanjani kwa mguu mmoja na nusu. Babu alikuwa amelala chali, akitazama mawingu. Nikamwambia. Aliomba maji ya kunawa uso, akaomba na wembe.

Asubuhi meli ilipoingia nilimchukua kwa gari la ofisi, nikamketisha juu ya gunia gatini, kivulini. Abiria walishuka wengi, na vitanda, na kuku, na mtoto mmoja aliyebeba mlango. Bibi alishuka karibu na mwisho, mfupi, mzigo kichwani, macho chini. Muuguzi wa uwanjani, aliyekuja nasi, akamwita. Akainua macho, akamwona mumewe ananyanyuka kutoka kwenye gunia.

Aliutua mzigo, na yeye mwenyewe akakaa juu ya saruji, palepale watu wanapopita. Makuli wakamzunguka. Babu akamwendea polepole, akainama, akamshika kichwa kwa viganja vyote viwili. Mimi niligeukia ziwa nikajifanya naangalia kamba za meli.

Kisha babu, ambaye hakuwa mtu wa kukaa kimya muda mrefu, akaanza kupekua mzigo.

"Viatu vyangu viko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie. Siku aliyobebwa alibebwa miguu mitupu, na viatu vilibaki kwa mkewe.

Akauliza tena.

"Nimevigawa," alisema bibi.

"Umevigawa?"

Ndipo akaeleza, akinitazama mimi zaidi ya mumewe, kwa kuwa nilivaa kitambulisho cha ofisi. Aliambiwa ufukweni kwamba mwenye mgonjwa aliyetangulia atapanda mbele. Akaitwa akae mbele, akakaa. Kisha akarudishwa nyuma. Akaitwa tena mbele, akarudishwa tena. Hakugomba, hakuuliza. Alijua maana yake.

"Nikasema, basi, sina tena mgonjwa," alisema. "Nikalia siku ile. Pale ufukweni kulikuwa na mzee hana viatu. Nikampa."

Nilikuwa nimezoea kuiita ile hitilafu. Wakati wote ule nilimhesabia babu njaa yake, na sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa ziwa palikuwa na mwanamke tuliyemfanya mjane, kila Mzee alipoamka, tena na tena. Niliona aibu hadi masikio yakanichoma.

Babu aliitazama miguu yake, akamtazama mkewe.

"Mzee gani? Yule mnene wa Makamba?"

"Huyohuyo."

"Lo! Vitambana!"

Bibi akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio katikati, na kilio kikarudi kicheko, na makuli nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nililia mchana kweupe. Bibi alipotulia alijifuta uso kwa kanga, akavua kandambili zake mwenyewe, akazipanga mbele ya miguu ya mumewe.

"Hizi za kike," alisema babu.

"Vaa."

Akavaa.